Kola ya Bwana Holcroft

Thomasin Raddle alikuwa mpiga wanga wa nguo, na shingo zote za kujivunia za London zilipita mikononi mwake. Miaka hiyo mtu asiye na kola ya marinda shingoni hakuhesabiwa mtu. Kola zilimfikia zimelegea, zimejaa jasho na mafuta ya nyama. Alizifua, akazitia wanga, kisha akazisimamisha rinda moja moja kwa vijiti vya chuma vya moto, hata kichwa cha mwenyewe kikakaa juu yake kama kitoweo kwenye sahani. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka viwikoni. Lakini makovu hayo hayakumuuma. Lililomuuma lilikuwa na jina, nalo ni Gervase Holcroft, muuza vitambaa wa Cheapside.

Kola za Holcroft nazo alizipiga wanga yeye yule yule. Majirani waliona ajabu.

"Thomasin, huna haya?" mwuza samaki wa jirani alimwambia siku moja, mkono kiunoni. "Unamfulia mtu aliyemfanya mdogo wako achapwe?"

"Namfulia, ndiyo. Nataka niizoee shingo yake."

Mdogo wake huyo aliitwa Sisley. Alikuwa mtumishi nyumbani kwa Holcroft, mshonaji hodari, na kila nguo ya bwana wake aliitia herufi mbili za jina, G na H, kwa uzi wa buluu. Kola moja tu, ile ya sikukuu, aliipendelea akaongeza ndege mdogo chini ya ukanda wa shingoni, mahali pasipoonekana. Miaka mitatu nyuma kola hiyo ilipotea. Holcroft akasimama mbele ya hakimu, mtaa mzima ukisikia, akaieleza alama kwa alama, herufi na ndege, akaapa kwamba ndiyo pekee yenye ndege na kwamba Sisley ndiye mwizi. Msichana wa watu akafungwa nyuma ya mkokoteni, akachapwa mgongo wazi kutoka Cheapside mpaka lango la magharibi, akaambiwa akirudi mjini atanyongwa. Thomasin alifuata nyuma ya mkokoteni ule njia nzima. Alihesabu kila fimbo, na hesabu hiyo hakumwambia mtu.

Kumbe kola haikuibwa hata kidogo! Holcroft mwenyewe ndiye aliyeitoa, akampelekea mjane mmoja ng'ambo ya mto, Annis, ambaye usiku wa Holcroft aliujua kuliko mkewe. Mkewe alipoiulizia, akatafuta mgongo wa kutupia uongo wake, akaupata wa Sisley. Mwanamume mzima, mwenye ndevu!

Thomasin aliyajua hayo kwa sababu mpiga wanga huyajua yote. Majira ya kuchipua, mtumishi wa Annis alileta kapu la kola. Thomasin akageuza moja, akapapasa chini ya ukanda, vidole vikasita. Uzi ulikuwa umefumuliwa, lakini matundu ya sindano yalikuwepo: G, H, na umbo la ndege. Aliketi sakafuni pale pale, akalia kwa hasira mpaka maji ya wanga yakamchemkia yakaungua.

Angekwenda kwa hakimu? Thubutu! Mfua nguo mwenye mdogo mwizi, mbele ya muuza vitambaa aketiye kiti cha mbele kanisani? Wangemfunga yeye. Basi akamwambia Annis kwamba kijiti cha moto kimeiunguza kola, akampa yake mwenyewe nzuri zaidi kumnyamazisha. Ile akaifungia sandukuni. Akaitia tena alama kwa uzi wa buluu, akifuata matundu, usiku wa kwanza herufi, wa pili ndege. Kisha akangoja.

Mungu hakumchelewesha. Ikatoka amri ya Malkia kwamba raia wamezidi kujiona, kola isizidi upana wa vidole vitatu. Katika kila lango la mji wakawekwa waungwana wawili, mmoja na kijiti cha kupimia, mwingine na mkasi. Mkasi wa lango la magharibi, kila Alhamisi, alipewa nani? Holcroft! Alikata kola za watu kwa raha, huku akiwatukana. Hata vijana waliovaa kola yao ya kwanza waliondoka pale wakilia.

Kola ile ya sikukuu ilikuwa ya vidole vinne. Thomasin akakunja pindo lake kwa ndani, kidole kizima, ikawa vidole vitatu kamili. Pindo hakulishona. Aliligandisha kwa wanga tu, tena wanga mwepesi wa kudanganyia. Kwenye ukavu lingekaa. Kwenye unyevu, mwenye kola shauri yake.

Jumatano moja moshi wa dohani ulilala juu ya mapaa badala ya kupanda. Thomasin akautazama, akajua kesho kutanyesha, akacheka peke yake. Akaiweka kola ile juu kabisa ndani ya boksi la kola za Holcroft, akalipeleka. Alhamisi asubuhi mtumishi akamfunga bwana wake kola akiwa anapiga miayo, na bwana mwenyewe, kama watu wote, shingo yake hakuiona.

Manyunyu yakaanza saa nne. Langoni Holcroft alikuwa amemkamata mshona kofia mmoja. "Vidole vinne! Unadhani mji huu ni banda la tausi?" Mkasi ukalia. Mzee Pepperell, mwenzake wa kijiti, alisimama kando amechoka. Thomasin alikuwa kwenye umati na kapu lake. Pindo la kola ya Holcroft likaanza kufunguka. Rinda la kwanza, la pili, halafu yote.

Mwuza samaki ndiye aliyeona kwanza. "Lo! Jamani, mwoneni Bwana Holcroft! Kola inaota!"

Umati ukaangua kicheko. Thomasin akapita mbele.

"Bwana Holcroft, hiyo kola yako au umeazima?"

"Shika adabu yako, mfua nguo! Niazime mimi? Ni yangu. Tangu niinunue haijatoka mikononi mwangu ila kuja kwako kufuliwa."

"Unaapa?"

"Naapa, Mungu na watu hawa wote mashahidi!"

"Haya. Na ipimwe kama za wenzako."

"Ipimwe! Ipimwe!" umati ukaitikia. Mzee Pepperell akasogea, akaweka kijiti. "Vinne, Gervase," akasema. Akamnyang'anya mkasi, akaikata shingoni. Kola ikaanguka kwenye tope, na Thomasin akaiokota kabla ya mtu mwingine kuigusa. Akageuza ukanda juu.

"Bwana Pepperell, ulikuwepo kwa hakimu siku ya Sisley. Kola iliyoibwa ilikuwa na alama gani?"

Mzee akaisogeza karibu na macho. "G na H," akasema. "Na ndege. Uliapa ndiyo pekee, Gervase. Na sasa hivi umeapa haijatoka mikononi mwako."

"Mwanamke huyu ndiye..."

"Mimi ndiye nini?" Thomasin akamsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Malizia! Uliapa uongo wakati ule au umeapa uongo sasa? Chagua, watu wanalowa!"

Holcroft akarudi nyuma hatua moja. Shingo yake tupu ilikuwa imejaa madoa mekundu. Mtu akapiga kelele, "Mwongo!" na kichwa cha samaki kikampata kifuani.

"Sema," Thomasin akamwambia. "Sema Sisley Raddle hakuiba."

Akasema, akarudia. Pepperell akatuma mtu kwa hakimu, na Holcroft akaondolewa, matope yakimfuata.

Jioni ile Thomasin alitoka kwa lango lile lile, akatembea mwendo wa saa tatu mpaka kijiji alikokuwa Sisley akikamua ng'ombe wa watu. Akamwekea kola mapajani, akamweleza yote. Sisley aliigeuza taratibu.

"Mkia wa ndege umekosea," akasema. "Wangu ulielekea juu."

"Nilishona nikilia, mama. Ungefanyaje?"

Sisley alicheka, kisha akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu.

"Alilisema jina langu? Mbele ya watu?"

"Alilisema. Mara mbili."

"Kwani mara ya kwanza hawakusikia?"

"Walisikia," Thomasin akasema. "Ya pili niliitaka mimi."