Nilizihurumia Mbegu za Maua Kwenye Friji

Mwanangu aliweka mbegu za maua kwenye friji, katikati ya samaki wangu wa sato na barafu zangu, akanikataza kuzigusa.

Akina mama wenzangu, someni mpaka mwisho. Yaliyonikuta hapa mtaani kwetu Pasiansi sitaki yamkute mwingine.

Mimi nauza togwa ya ulezi. Darasa la saba nilimaliza, lakini kimea sikufundishwa shuleni. Naloweka ulezi, nauviringisha kwenye gunia, nauweka karibu na jiko. Siku ya tatu umeota wote. Mtaa mzima wanajua.

Sasa binti yangu Dorotea alikuwa anajifunza kazi kwenye bustani ya miche ya maua. Bosi wake, mzee Machibya, akampa mbegu ishirini za ua linaitwa airisi. Akamwambia zikiota hata nane, anamwajiri.

Miaka miwili mtoto yuko nyumbani na cheti chake. Mnaielewa presha yangu.

Dorotea akazifukia kwenye kopo la mchanga.

"Mama, hizi asili yake ni nchi za baridi. Bila wiki kumi za baridi haziamki. Mchanga uwe na unyevu, usikauke, usilowe chapachapa. Na kopo usilifungue."

"Sawa, mwanangu."

Nilifungua kesho yake.

Nikawa nafungua kila siku. Wiki ya nane, kimya. Mbegu zimetulia kama wafiwa.

Wiki ya tisa Dorotea akavuka ziwa kwenda Sengerema kumuuguza bibi yake. Nikabaki na lile kopo, tunaangaliana. Mbegu gani inaota kwenye friji? Kuku mwenyewe halalii barafu.

Nikazitoa. Nikazitia kwenye gunia moja na ulezi wangu, karibu na jiko.

Jirani yangu Adoyo, mama Odero, asiyepitwa na jambo, akasimama mlangoni.

"Mama Dorotea, hizo si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa. Lakini uchungu wa mwana nani aujuaye?"

"Haya. Mimi sijaona kitu."

Akaondoka anacheka. Nikasema huyo ana wivu.

Siku ya tatu ulezi umeota, mbegu za mwanangu zimelainika, zinanuka. Nikazichambua, nikapata kumi tu. Nyingine nikajua zimepotelea kwenye ulezi. Nikazirudisha mchangani na mizizi ya ulezi ikiwa imezing'ang'ania, nikaweka kopo dirishani, nikaanza novena, sala ya siku tisa.

Baada ya siku tano, majani. Membamba, ya kijani, kama nyasi.

Nikampigia Dorotea. "Zimeota, mwanangu."

Akauliza: "Zimeota zikiwa kwenye friji, mama?"

"Mungu hashindwi."

Wiki ya kumi na mbili akaja na mzee Machibya. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nikamkaribisha mgeni togwa, nikaweka kopo mezani.

Mzee akavaa miwani. Akachomoa jani moja, akalinusa, akatazama kikombe chake.

"Mama, hii airisi naona tayari nainywa."

Nikakaa chini. Kazi ya mwanangu nilikuwa nimeipika mwenyewe. Nikasema yote, mpaka gunia.

"Kosa ni langu, mzee. Mtoto hana hatia."

Dorotea wala hakushtuka. Akaita dirishani, "Mama Odero, njoo nalo."

Adoyo akaingia na kopo jingine. Ndani, machipukizi tisa yamesimama kama visu vidogo.

Kumbe Dorotea aligawa mbegu tangu siku ya kwanza. Kumi zililala kwenye friji la Adoyo wiki kumi kamili, kisha zikahamia kivulini, kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi.

"Sasa hizi za kwangu zilikuwa za nini?"

"Za kuchungulia, mama. Ungezikosa hapa, ungezifuata mpaka kwa mama Odero."

Mzee Machibya alicheka mpaka togwa ikampalia. Jumatatu Dorotea akaanza kazi.

Nilifurahi, na niliumia. Mwanangu alimwamini jirani kuliko mimi, na hakukosea.

Mama mwenzangu, joto lako ni jema, lakini si kila mbegu ni ulezi. Mwanao akikwambia subiri, chukua samaki wako, funga friji.

Juzi Dorotea kaleta mbegu nyingine. Kopo liko kwa Adoyo. Mimi naruhusiwa kwenda kuliona Jumapili, baada ya misa, bila kulishika.