Redio ya Mutabazi

Kijiji kizima cha Ihembe humwita Uwitonze "Redio", na si kwa kumsifu. Akienda kisimani, habari zake hufika nyumbani kabla ya maji. Hata shambani huwasimulia migomba. Lakini ni mdomo huohuo uliomrudisha mumewe ukumbini.

Mumewe huyo, Mutabazi, alipopofuka, kilichomuuma kuliko vyote ni kicheko. Katika ukumbi wa kanisa lao kwaya huigiza mchezo kila sikukuu ya mavuno. Mwaka mmoja watu waliangua kicheko, yeye akauliza kuna nini. Alipojibiwa akacheka, wenzake wamekwisha kunyamaza, vichwa vikamgeukia. Akaapa haendi tena. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akivunja watu mbavu kila penye rubisi, pombe ya ndizi! Uwitonze hakukubali hata kidogo.

Alimwendea Rweyemamu, kiongozi wa kwaya, akaomba kuhudhuria mazoezi ili siku ya mchezo amnong'oneze mumewe yanayotendeka jukwaani. Rweyemamu akasita, kumkaribisha Redio ukumbini si kujitafutia balaa? Mwishowe akampa sharti: aseme pale tu waigizaji wanaponyamaza, la sivyo watatolewa nje wote wawili.

Maskini Redio! Mazoezi ya kwanza alisimulia hadi viraka vya suruali, mchezo ukampita. Taratibu akajifunza kuchagua. Neno moja hapa, mawili pale, kisha ameze mate. Majirani walidhani anaumwa.

Siku ikawadia. Mutabazi alikwenda shingo upande, wakakaa benchi la nyuma. Jukwaani mlevi mmoja, akimkimbia mama mkwe wake, alijifukia kwenye rundo la majani makavu ya migomba. Kimya. Watu wote walimtazama mama mkwe akitafuta pa kukaa. Uwitonze akamwinamia mumewe sikioni.

"Jicho moja limetokeza kwenye majani. Linaona makalio yanashuka."

Mutabazi akapasuka kicheko, peke yake, ukumbi mzima kimya. Vichwa vikageuka, kama mwaka ule. Uwitonze akang'ang'ania benchi. Ndipo mama mkwe akakaa, rundo likapiga yowe, na ukumbi wote ukalipuka, hadi Rweyemamu akashika mbavu.

Mutabazi alijifuta machozi. "Leo wao ndio wamechelewa, mama Dusabe," akamwambia mkewe kwa sauti.

Uwitonze alitamani kupiga vigelegele. Lakini waigizaji walikuwa wameanza tena kusema, basi Redio akamwekea mumewe kidole mdomoni.