Yule Mtu wa Farasi

Sikuwahi kumvua mwanamume shati kwa sauti mpaka nilipokwenda kufanya kazi Southall, magharibi mwa London. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mama wa watoto wawili, mwimbaji wa kwaya, na nilimvua saa nne asubuhi nikiwa na glavu na aproni ya plastiki, mbele ya mama mzee wa Kipunjabi aliyekuwa akingoja uji wake upoe.

Mama huyo alizaliwa Nairobi, akakulia dukani kwa baba yake, akaolewa hukohuko. Kisukari kilikuwa kimemla macho yote mawili. Kampuni ya kulea wazee ilinituma kwake mara mbili kwa siku nimwogeshe, nimlishe, nimpe dawa. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza changu cha kazini. Akageuza shingo kuifuata sauti yangu.

"Wewe natoka wapi?"

Nikamwambia Shinyanga. Akanishika mkono na kukataa kuuachia, na uji ukapoa.

Wiki ya tatu aliniambia nivute sanduku la chini ya kitanda. Mkwewe, mke wa mwanawe, aliyefanyia kazi zake za kompyuta sebuleni chini, alikuwa amenionya kwamba humo mna vitabu vya dini vya mama. Kweli vilikuwa na heshima zake: kila kimoja kilifunikwa kwa karatasi ya kaki, kama tulivyofunika madaftari yetu shule ya msingi. Nikafunua cha juu. Chini ya kaki alikuwepo mwanamume wa Kizungu mwenye kofia pana na kifua wazi, ameegemea uzio, nyuma yake ng'ombe na milima ya Amerika. Nikafunua cha pili. Kifua kingine. Sanduku zima lilikuwa la wachunga ng'ombe na wajane waliotoka mjini kuja kurithi mashamba.

"Soma," akasema.

"Kwa Kiingereza, mama?"

"Hapana Kingereza! Yule huko chini nasikia. Soma Kiswahili."

Mkwewe alizaliwa London, kwa Kiswahili hawezi kuomba hata maji ya kunywa. Nikamuuliza mama kuhusu mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, ambaye aliondoka Nairobi akiwa na miaka saba. Akapunga mkono. "Yeye nasahau yote. Iko mtoto ya London sasa."

Basi nikawa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Nimelelewa na wafugaji, kwa hiyo nilikuwa na manung'uniko yangu. Shamba lina ng'ombe elfu moja, na kurasa mia mbili zinapita hakuna hata mmoja aliyekamuliwa. Na suruali ile inavyombana, huyu bwana anapandaje farasi? Nilipozidi kulalamika, mama aligonga kitanda kwa kiganja ili nirudi kwenye habari.

Kazi ngumu ilikuwa kurasa zile nyingine. Kiingereza kinazitaja kama kinavyotaja sukari na chai. Mimi maneno yangu ya mambo hayo yalikuwa ya aina mbili: ya zahanati, na yale niliyonong'onezwa na shangazi usiku wa kuamkia harusi yangu. Ya zahanati yalimfanya mchunga ng'ombe aonekane mgonjwa. Nikatumia ya shangazi, uso ukiniwaka moto. Nilipojaribu kuruka, mama alijua.

"Wewe naruka! Yeye navua buti, halafu naamka asubuhi? Rudi nyuma."

Sitasema uongo, nilianza kuipenda saa ile. Nyumbani wanangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, tena bila kuinua macho kwenye simu. Hapa kulikuwa na mtu aliyekuwa akingoja maneno yangu tangu alfajiri.

Halafu Jumatatu moja nikaona kitaa kidogo cha bluu juu ya kabati. Nilipotelemka na vyombo nikamuuliza mkwe, akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba ni kamera. Waliiweka wiki tatu zilizopita, mama alipoteleza bafuni. Alidhani kampuni imeniambia. Ina sauti pia, akasema, na mumewe huisikiliza akiwa ofisini.

Nikashika ukingo wa sinki.

Wiki tatu. Nilizihesabu sura kwa vidole. Katika wiki tatu hizo mjane alikuwa amemkuta mchunga ng'ombe akioga mtoni, mvua ilikuwa imewafungia ghalani, na mimi nilikuwa nimeieleza ghala ile mara mbili kwa sababu mama aliomba. Nikajipa moyo kwamba mwanawe hajui Kiswahili. Kisha nikakumbuka kwamba siku hizi simu inatafsiri yenyewe.

Nieleze kilichokuwa hatarini, maana si aibu tu. Kibali changu cha kuishi Uingereza kimefungwa kwenye kazi hii. Kampuni ikinifukuza, napewa siku sitini nitafute mwajiri mwingine au tuondoke, mimi na wanangu wote wawili, na mkubwa alikuwa na mitihani ya kumaliza sekondari mwezi wa tano. Nilijiona mbele ya wakubwa wa kampuni nikieleza kwa nini mlezi wa wazee alikuwa akimsimulia mgonjwa habari za ghalani.

Tangu siku hiyo sikusoma tena. Tulikuwa tumeishia pabaya: mchunga ng'ombe amesingiziwa wizi, ameondoka juu ya farasi wake, na mjane amesimama langoni. Mama akaniambia soma. Nikasema kichwa kinauma. Kesho yake nikasema miwani imevunjika. Siku ya tatu nikamsomea hali ya hewa, kwa Kiingereza, kwa sauti safi iliyoelekezwa kabatini. Mama akanigeuzia mgongo.

Jumatatu iliyofuata akaacha kula. Kijiko kikifika mdomoni, meno yanafungwa. Nikaandika kwenye daftari la zamu: amekataa uji, amekataa dengu, amekataa chai. Kila nilipoandika nilijua sababu, na nilishindwa kuiandika.

Jumatano msimamizi wangu akanipigia. Mwana wa yule mama anataka kuniona kesho saa sita mchana, ana kwa ana, hakusema kwa nini. Usingizi haukuja. Niliwaangalia wanangu wakila mkate asubuhi na nikashindwa kuwaambia chochote.

Alhamisi nilikuwa nampangusa mama uso alipoingia mwanawe na suti yake ya kazini. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa mama yake. Akaanza kwa Kiingereza: mama hali chakula siku ya nne sasa, daktari haoni ugonjwa mpya. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba msamaha. Nikafungua mdomo.

Akanitangulia. Alikohoa, akaangalia zulia, akasema polepole kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini:

"Dada. Ile mtu ya farasi. Narudi, ama harudi?"

Kitambaa kikanidondoka mkononi. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Wewe nasikia Kiswahili?"

"Nasikia, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ile ya ghala?"

"Hata ile ya ghala."

Mama akajifunika blanketi mpaka juu ya kichwa. Ningekuwa na nafasi ningeingia humo naye.

Mwanawe akageukia kwangu, akarudi kwenye Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale. Alikuwa na yaya Nairobi, akasema. Alikulia mgongoni kwake. Siku waliyoondoka, yaya alisimama kwenye lango la nyumba, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba yule haji. Alimtafuta ndani ya ndege, kiti kwa kiti. Shuleni hapa Southall watoto walimcheka anavyoongea, akaacha. Zaidi ya miaka hamsini hakutamka neno la Kiswahili. Kamera ilipowashwa mara ya kwanza alitaka kuzima sauti, akanisikia mimi. Aliinuka kwenye meza yake, akaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi na simu sikioni. Tangu hapo kila siku saa nne anakwenda ngazini.

"Farasi sijali sana," akasema. "Nilikuwa nasikiliza tu."

Blanketi likashuka kidogo. Mama alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa ya hasira.

"Kwa nini wewe hapana sema? Mimi nadhani wewe nasahau."

Mwanawe akatafuta maneno. Yalichukua muda, na mimi nilijizuia kumsaidia.

"Mimi nadhani... wewe nataka mimi sahau."

Mama alinyoosha mkono hewani akipapasa, mpaka akaupata uso wake, akaushika. Nilisimama pale na glavu zangu na sikujua niangalie wapi. Hofu yangu haikuwa imetoka yote. Ilikuwa imekaa tu kando, imeduwaa kama mimi.

Kisha mama akafuta pua na kurudi kuwa mwenyewe.

"Sasa toka. Hii maneno ya wanawake."

Mwanawe akatoka na kufunga mlango taratibu. Mama akafungua mdomo. Nikamlisha uji, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likaisha, kisha nikachukua kitabu na kukifungua pale nilipokunja. Nikasikia mlango wa gari lake ukifungwa nje, lakini injini haikuwaka. Juu ya kabati kitaa cha bluu kilikuwa kinaangaza.

Nikapandisha sauti kidogo. Nikasoma lango, vumbi la barabara, yule mwanamke aliyesimama akingoja, neno kwa neno, bila kuruka. Ukurasa ukaisha na barabara bado tupu.

"Akarudi," nikasema, kabla sijafunua wa pili.