Nilimsahihisha Binti Yangu Mbele ya Watu

Admin, naomba ufiche jina langu, lakini usikate maneno yangu wala kuyaandika kwa vifupisho.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na moja, Mtanzania, mgane. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na minane. Tangu mke wangu afariki ninaishi Marekani, Katy, nje ya Houston, nyumbani kwa binti yangu wa pekee, ambaye ni muuguzi. Nimechoka, na uchovu huu si wa umri.

Baada ya kumzika mama yake, binti yangu alijiunga na chuo kinachotoa shahada ya uzamili kwa kuchanganya saikolojia ya Wazungu na mafundisho ya kiroho ya Mashariki. Leo wanasoma jinsi huzuni inavyouathiri ubongo, kesho wanakaa sakafuni, macho yamefumbwa, wakifuata pumzi zao. Nilimuuliza kama amebadili dini.

"Hapana, Baba," alinijibu. "Kazini mgonjwa akifa, ndugu zake wanabaki wamekaa pale kwenye korido. Mimi najua sindano na dawa. Kukaa na mtu sijui. Nataka nijifunze."

Sikuridhika.

Ili ahitimu, ilimpasa kuongoza zoezi la pumzi kwa kikundi cha watu waliofiwa, mbele ya msimamizi kutoka chuoni. Alichagua akina mama wa Kikongo wanaoishi Garland, upande wa Dallas, watu waliokimbia vita na sasa wanafanya kazi kwenye maghala. Angewaongoza kwa Kiswahili. Aliandika maneno yake, akaniletea karatasi niipitie. Nilimwambia, "Mambo ya chuo hicho usinihusishe." Aliikunja karatasi yake akaenda kazini.

Jumamosi ilipofika nilikwenda naye, kwa kuwa sikutaka aendeshe gari peke yake mwendo wa saa nne. Nilikaa nyuma ya ukumbi. Akina mama kumi na wawili walikuwa kwenye viti, wametulia. Sauti yake ilikuwa nzuri, mfano wa sauti ya mama yake. Aliwaambia wafumbe macho, wavute pumzi. Kisha akasema, "Sasa, polepole, toeni roho."

Alimaanisha watoe pumzi. Vitabu vya chuoni kwake vinasema kwamba katika lugha za kale za huko Mashariki pumzi na uhai ni neno moja, naye akadhani kwetu ni hivyo hivyo.

Mama mmoja mnene, ambaye wenzake humwita Mama Furaha, alifumbua jicho moja. "Weye mutoto, ile roho tulikimbiza toka Kongo, unataka tuitoe huku Garland? Ngoja kwanza, nimeacha mboga ya sombe ku moto."

Ukumbi mzima ulicheka. Binti yangu naye alicheka, akasema, "Nisameheni, mama zangu, bakini nazo." Mambo yangeishia hapo, na yangeishia vizuri.

Lakini mimi nilisimama. Nilieleza tofauti ya roho, nafsi na pumzi, kwa mifano, kama niliye mbele ya ubao. Nikamalizia, "Huwezi kutibu watu kwa lugha usiyoijua, kwa elimu ya watu usiowajua."

Hakuna aliyecheka tena. Msimamizi, Mmarekani mpole, aliuliza mzee amesema nini. Hapakuwa na mkalimani mwingine. Binti yangu aliyatafsiri maneno yangu yote kwa Kiingereza, bila kupunguza hata moja. Alipotaka kuendelea na zoezi, alishindwa, akaketi.

Tulirudi, yeye akiendesha, hadi tukakaribia Houston. Hapo alisema, "Baba, ulini-correct kama nina miaka tisa." Nami, Mungu anisamehe, nililisikia kwanza lile neno la Kiingereza, ndipo nikayaona machozi.

Nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Sarufi ilikuwa kisingizio. Niliona wivu. Kabla ya zoezi aliwauliza wale akina mama wamempoteza nani, akawasikiliza mmoja mmoja, nami nikajiambia kwamba mimi hajaniuliza. Si kweli. Aliniuliza mara nyingi, na kila mara nilimjibu, "Niko salama."

Chuo kimempa nafasi moja ya kurudia, Jumamosi ijayo, kwa kikundi kile kile. Asipoweza, itambidi asubiri mwaka mzima, naye amesema hatasubiri, ataacha. Ameniomba nibaki nyumbani. Mama Furaha naye amenipigia simu: "Mwalimu, weye ulimupiga mbele yetu, uje umuombe musamaha mbele yetu. Kwa simu hatutaki."

Jana binti yangu alipokwenda kazini nilikuta karatasi mpya juu ya meza ya jikoni, chini ya kikombe changu. Sijui kama aliisahau au aliniachia. "Toeni roho" limefutwa, ameandika "toeni pumzi". Lakini chini yake ameandika hivi: "Mawazo wakija, wakaribisheni. Wakitaka kuondoka, waacheni waende."

Mawazo si watu. Ilipaswa kuwa yakija, yakaribisheni. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza analijua hilo. Nilitoa kalamu nyekundu, kisha nikaisoma tena sentensi ile, nikashindwa kuamua kama amekosea au kama chuoni humfundisha kwamba mawazo hupokewa kama wageni. Nilikaa kwenye kiti nikafumba macho. Mke wangu alikuja. Nilimkaribisha. Nilimsahihisha naye maisha yake yote, wala sikumbuki kama niliwahi kumwambia kwamba amesema vizuri.

Karatasi nimeirudisha chini ya kikombe bila alama yoyote. Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu ni wa umri wa binti yangu, ndiyo maana nawauliza ninyi: niende Garland ingawa amenikataza, au nibaki? Na ile sentensi, niiache ilivyo?