Fundi Fredy na Mlango wa Puri

Ukimwona Fredy kanisani Adelphi, huku kwetu Marekani, utadhani ndiye aliyeijenga Washington. Futikamba iko kiunoni hata siku ya Pasaka, penseli iko sikioni, na kofia ya fundi ameiacha mbele ya usukani wa pikapu ili wapitao waione. Mimi mjomba wenu shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini nimetembea, nimeona mafundi. Fundi wa kuanza kazi kama Fredy sijaona. Kubomoa ni bingwa. Asubuhi moja anakuangushia ukuta, kabati na dari, vumbi linafika barabarani. Ikifika zamu ya kujenga, anageuka mhubiri.

Ombeni wa Rockville ana ngazi nyuma ya nyumba inayopanda vizuri kabisa na kuishia hewani. Vaileth ana sinki zuri lisilo na bomba, amepanda maua humo. Wote ni wateja wa Fredy.

Niseme haki: si mwizi, wala si mlevi. Ametoka Rombo, amejifunza useremala karakana ya misheni, na anasema darasani alikuwa wa pili. Walikuwa watatu. Ugonjwa wake ni kupenda siku ya kwanza, ile ambayo mwenye nyumba anamwita injinia na kumpikia pilau. Pilau ikishageuka chai na mkate, moyo wake umehamia nyumba nyingine.

Kazi moja tu aliimaliza, na hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Ilikuwa Rockville, kwa Mzee Mohapatra, injinia mstaafu kutoka Odisha, India. Ujanani alifanya kazi kiwandani Tanga, na Kiswahili chake mpaka leo kinakuaibisha wewe uliyezaliwa nacho. Alitaka chumba cha sala chini ya nyumba, na ndani yake kijumba cha mbao cha kuwekea sanamu, mfano wa hekalu la mungu Jagannath la mji wa Puri, ambako mahujaji wa Kihindu wamekuwa wakienda karne na karne. Mzee alifungua kiti cha kukunja, akakaa humo humo Fredy alimofanyia kazi, akawa anasimulia.

"Mnara wa Puri usiufanye kama mlingoti," alimwambia. "Unapanda wima, ukifika mabegani unajikunja kwa ndani. Umeona hindi lililomenywa?"

"Nimeona, Mzee."

"Basi hindi hilo hilo. Hindi la Mhindi."

Akamweleza kumbi zilizopangwa mstari mmoja mbele ya mnara, ukianzia ya nje unaingia ndani na ndani zaidi mpaka kwenye chumba chenye giza wanamokaa miungu. Akamweleza kuta mbili za kuzunguka, na malango manne: la simba, la chui milia, la farasi na la tembo. Juu kabisa kuna gurudumu la madini mchanganyiko, na bendera ambayo kila siku mtu hupanda kuibadilisha, mikono mitupu, bila kamba. Fredy aliposikia hivyo akatangaza kwamba ataenda Puri kupanda na yeye.

"Hutapita hata langoni," Mzee akamwambia. "Asiye Mhindu haingii. Wageni hutazama kutoka juu ya paa la maktaba, ng'ambo ya barabara."

"Basi nitawarekebishia hilo paa."

"Tafadhali sana, usiwaguse."

Ndipo akamsimulia mwanzo wa yote. Mfalme Indradyumna alipata gogo takatifu lililoletwa na bahari, lakini patasi ziligoma kuingia. Akaja mzee mmoja seremala, hakuna aliyemjua, akasema: nitachonga, ila nifungieni, na mlango usifunguliwe mpaka nimalize. Siku zikapita nyundo inasikika. Kisha ikanyamaza. Malkia akaingiwa na hofu kwamba kizee kimefia ndani, akambana mfalme, mlango ukafunguliwa. Seremala hayupo! Zimebaki sanamu zenye macho makubwa ya mviringo, mikono na miguu haijakwisha. Mfalme akalia. Akaambiwa aziweke hivyo hivyo, na hivyo hivyo ndivyo zinavyoabudiwa mpaka leo. Wengine husema yule alikuwa fundi wa miungu, wengine husema alikuwa Mungu mwenyewe.

Habari ndefu na nzuri. Fredy akaokota humo kitu kimoja tu: mlango.

Sasa mje kwa Vumilia. Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Euphrasia, sisi Wahaya wa Bukoba ambao, sisemi kwa kujisifu, hata umaskini wetu una cheo. Vumilia analea wazee kwenye makao yao Silver Spring. Kutwa anaogesha mama za watu. Mama yake mwenyewe yuko Houston kwa Sebastian, kaka mkubwa wa Vumilia, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, ngazi hapandi. Na nyumba ya Vumilia bafu liko juu. Sebastian akatoa masharti kama balozi: atamleta mama Jumamosi, akikuta bafu la chini na linafanya kazi, mama anabaki. Asipolikuta, anageuka naye. Vumilia alikuwa hajaishi na mama yake tangu aje Marekani, bado msichana.

Akampa Fredy stoo ya chini aigeuze bafu. Fredy akabomoa vizuri, akala pilau. Kisha akaleta mlango mpya, mbao nzito, bawaba za shaba, kitasa cha kufungia kwa ndani. Akautundika ukakaa kama umezaliwa pale.

"Dada Vumilia," akasema, "kuanzia leo nafanya kazi ya namna ya Puri. Usifungue mpaka nimalize."

"Puri ndiyo nini, kaka Fredy? Kampuni?"

"Usinirashi, dada. Kazi ya kiroho haiharakishwi."

Vumilia, na jina lake, akavumilia. Kila alipotoka kazini alisikia nyundo nyuma ya mlango: ko, ko, ko. Akagonga, "Fredy, chai!" Ko, ko, ko. Roho ikatulia. Hata Alhamisi nilipokwenda kumsalimia alinipokea kwa fahari.

"Sikiliza, Mjomba. Huyu watu wanamsingizia. Hapumziki kabisa!"

Nikasikiliza. Mimi sikio langu limezoea kusikiliza mizinga ya nyuki. "Mwanangu," nikamwambia, "huyu hata kukohoa hakohoi?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa Mumbi, rafiki yake Mkenya anayekaa karibu na stesheni ya Silver Spring.

"Vumi, niaje? Nimekupigia nikushukuru. Ule fundi wako ako hapa kwangu tangu asubuhi, ananivunjia jikoni. Jamaa anajua kuvunja!"

"Fredy yupi?"

"Fredy si ni mmoja? Huyu hapa anakula chapo."

Nyuma ya mlango: ko, ko, ko.

Tukatazamana. Mimi nikarudi hatua tatu, nikautandika mlango teke la kihistoria. Mlango haukutikisika, ila goti langu lina habari zake mpaka leo. Vumilia akaenda kwenye vifaa vya Fredy pale ukumbini, akachukua mtaimbo wa Fredy, akaung'oa mlango na fremu yake.

Ndani dirisha wazi. Sakafuni, juu ya gunia la saruji ambalo halijafunguliwa, kuna spika ndogo ya kubebeka, inapiga nyundo. Bomba linatoka ukutani halina mkono. Choo kimeegemea ukuta kama mgonjwa anayesubiri namba. Kitu pekee Fredy alichokimaliza katika nyumba ile ni mlango, na huo ndio tulioung'oa.

Vumilia akakaa kwenye gunia lile, akalia kimyakimya, spika ikiendelea. Nikaizima. Sipendi kumwona mtoto wa dada yangu analia, na sina dawa yake, kwa hiyo nikampigia simu Mzee Mohapatra. Kesi ya Puri haiamuliwi na Mhaya.

Fredy alifika jioni ana vumbi la nyumba ya Mumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Mzee ameshafika. Alipouona mlango chini, hakuona haya. Alikasirika!

"Mmefungua! Mnaona sasa? Hata mfalme alifungua mapema, akaambiwa aziweke hivyo hivyo. Sasa bafu hili nalo itabidi libaki hivi hivi."

"Fredy," Mzee akasema polepole, "yule alikuwa Mungu."

"Najua, Mzee, lakini mfano..."

"Na alikuwa ndani ya chumba. Hakuwa Silver Spring anakula chapati."

Nilicheka mpaka goti likauma upya. Vumilia hakucheka.

"Jumamosi mama yangu anaingia hapa," alisema. "Mimi nikae naye au nisikae naye, iko mikononi mwako. Sitaki hadithi."

Mzee Mohapatra akatoka nje kwenye gari lake, akarudi na kiti cha kukunja, akakiweka pale palipokuwa na mlango, akakaa.

"Endelea," akasema.

Usiku akilala Mzee nilikaa mimi, Vumilia akitoka kazini alikaa yeye. Dirisha nililipigilia misumari, Fredy akawa hana pa kupita ila juu ya magoti ya watu. Akipunguza kasi, Mzee anamwuliza, "Malango ni mangapi?" Fredy anajibu huku anapanga vigae: simba, chui milia, farasi, tembo. Na kumbe jamaa anajua! Vigae vimenyooka, maji yanashuka yanakotakiwa, vishikio vya mama kushikia vimekaa usawa wa kifua chake hasa. Niliona uchungu zaidi kugundua kwamba miaka yote hii alikuwa anaweza.

Jumamosi Sebastian akaingia na suti, anakagua kama mtu wa bima. Akafungua maji ya moto, yakaja. Akavuta choo, kikavuta. Akatafuta kasoro kwa bidii ya mtoto wa kwanza, akaipata.

"Bafu halina mlango."

Fredy akatazama viatu vyake. Fremu ilikuwa imepasuka vibaya, muda haukutosha.

Dada yangu Euphrasia alikuwa amesimama na fimbo yake, amechoka na safari ya ndege. "Sebastian," akasema, "wewe nilikuzaa shambani kwa mama mkwe, watu wanapalilia migomba. Leo unanitafutia mlango? Vumilia, lete khanga."

Vumilia akaleta khanga, akaitundika kwa misumari miwili, akamshika mama yake mkono, wakaingia pamoja. Tukasikia maji yanafunguliwa, na dada yangu akimwambia binti yake asugue mgongo kwa nguvu, asimwogope kama wale wagonjwa wake wa Kizungu.

Sebastian akatoa simu, akabadilisha tiketi yake ya kurudi iwe ya mtu mmoja. Fredy naye akatoa ya kwake, akaninong'oneza kama anaweza kupiga picha bafu aliweke mtandaoni. Nikamwambia asubiri kwanza dada yangu avae.