Insha Isiyo na Jina

Mwalimu wa Kiswahili hukunja pembe ya kila insha, jina lisionekane, akaibana kwa kibanio cha nguo kabla ya kuanza kusahihisha. Vidole vyake vimejaa chaki hadi kwenye kucha. Mama Elsie amemfuata shuleni, Kayole, roho mkononi: Willis, kaka ya Elsie, alizoea kunakili kazi za wenzake, na mwalimu huyu ndiye aliyekuwa akimkamata; sasa Elsie yuko darasani mwake, na mama anahofia atashukiwa kama kaka yake.

"Keti, mama, nimalizie hii moja." Anasoma akicheka peke yake, anaandika tisa kwa kumi, kisha anafungua pembe.

"Ala! Ni Elsie! Ningeliona jina, mama, ningeanza kutafuta alikonakili."

"Na sasa, mwalimu?"

"Sasa wino umeshakauka. Tisa ni yake."