Pilau ya Wageni wa Umeme

Mastura ni mbishi, na mimi Romana, jirani yake wa ukuta mmoja hapa Kilwa Kivinje, hilo namwambia mbele ya uso wake.

Mwaka ule wa ukame mabwawa yalikauka, nchi ikaingia mgao wa umeme. Sisi mgao tuliusikia redioni tu. Nguzo hatukuwa nazo, na gesi ya kufulia umeme inatoka bahari yetu hii hii. Binti yake Mastura, Hafsa, alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alifia zahanati, mkunga akipapasa kwa mwanga wa kibatari. Mastura akaapa mwanawe hatazaa tena gizani.

Ndipo wakaja wataalamu wa umeme kufanya mkutano, wa kwetu na wa nchi jirani. Walitaka nchi ziunganishe nyaya: mvua ikikatika huku, umeme utoke kule, kule wakipungukiwa, gesi yetu iwafae. Jambo jema, sikatai. Mwenyekiti wetu, Abilahi, akampa Mastura kazi ya kuwapikia pilau.

Harufu ikafika mkutanoni, wageni wakaanza kumeza mate. Sahani ya kwanza ikawapita puani, ikaja kwangu. Ya pili ikaenda kwa Esha, ukuta wa pili. Abilahi akaja jikoni amevimba.

"Mastura, unatuaibisha. Wageni wana njaa."

"Watakula, mwenyekiti, sufuria limejaa. Lakini tangu lini harufu ikaingia kwa jirani wa ukutani, sahani ikaenda mtaa wa mbali?"

Mama mmoja mgeni, wa nchi jirani, akaomba mpishi aitwe. Mastura akajifunga kanga upya, akaenda.

"Wapeni majirani umeme, na wao watupe siku yetu ya shida. Ila waya uanzie zahanati. Sisi tumechoka kushiba harufu."

Yule mama akawageukia wenzake, akawaambia hata kwao sahani huanzia ukutani. Hapo ndipo wakapakuliwa.

Ahadi ilitoka, nguzo zikachelewa. Hafsa aliposhikwa uchungu, Mastura alipita kwa wavuvi wa dagaa akikusanya karabai zao, akazitundika zahanati nzima. Hakuna aliyevua usiku huo, wala aliyenung'unika. Mtoto akalia, na mimi nikalia.

Mafundi wa nguzo walipofika mwaka uliofuata, walimkuta Mastura mlangoni pa zahanati, mjukuu mgongoni. Hakuondoka mpaka balbu ilipowaka.